Dawa za Kulevya Mbele ya Sheria na Mbele ya Msalaba

Katika miaka hii ya karibuni Wakristo wa Afrika Mashariki wamesikia habari nyingi zinazogongana juu ya bangi na dawa nyinginezo za kulevya, hata wengi wao hawajui tena washike lipi na waache lipi. Lesotho ilitoa leseni ya kulima bangi kwa ajili ya tiba mwaka 2017. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima akiivuta faraghani nyumbani kwake hatendi jinai. Malawi ikapitisha sheria ya kilimo cha bangi ya tiba na ya viwanda mwaka 2020. Na Desemba ya mwaka huo huo Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ikaiondoa bangi katika lile jedwali kali kupita yote la Mkataba wa Dawa za Kulevya wa 1961, ingawa iliibakiza katika jedwali la kwanza, yaani ingali chini ya udhibiti. Nchini Kenya George Wajackoyah aligombea urais mwaka 2022 akinadi kilimo cha bangi kuwa ndicho kitakachoilipia nchi madeni yake. Ilhali ng'ambo ya mpaka, Tanzania, sheria ya mwaka 2015 pamoja na marekebisho yake humfunga msafirishaji wa bangi miaka 30, na shehena ikiwa kubwa humfunga maisha.

Muumini anayeyasikia haya yote humwendea mchungaji wake na swali jepesi kulitamka: je, Mkristo aunge mkono dawa hizi zihalalishwe, au azipinge? Aghalabu hujibiwa kwamba dhambi haina mjadala, au hujibiwa na mwingine kwamba rehema haina jela. Na majibu yote mawili, japo kila moja lina chembe ya haki, humwacha palepale alipokuwa, kwa sababu swali lenyewe limefunganya maswali kadhaa ambayo hayana jawabu moja.

Mambo yanayochanganywa

Kuhalalisha kwa maana kamili ni kuifanya dawa kuwa bidhaa: ilimwe, ifungwe, itozwe kodi na iuzwe dukani, kama ilivyofanya Uruguay kwa sheria ya mwaka 2013, jimbo la Colorado, Marekani, lilipofungua maduka ya bangi Januari 2014, na Kanada mwaka 2018. Kumwondolea mtumiaji jinai ni jambo jingine kabisa: dawa hubaki haramu, muuzaji huendelea kufungwa, lakini mwenye kukutwa na kiasi cha matumizi yake mwenyewe hapelekwi kwa hakimu. Kuna tena ruhusa ya tiba, ambayo ni kazi ya waganga na wafamasia, nayo haina tofauti kubwa na mofini ambayo hospitali za misheni zimekuwa zikiwapa wagonjwa wa saratani bila askofu yeyote kunung'unika. Padri anayepinga la kwanza hana lazima ya kupinga la pili, wala anayekubali la tatu hajafungua mlango wa la kwanza; walakini katika mahubiri na katika magazeti yetu hayo yote huingizwa katika gunia moja.

Hali kadhalika huchanganywa dhambi na jinai. Husuda ni dhambi, uchoyo ni dhambi, na uongo wa mume kwa mkewe ni dhambi, wala hapana polisi anayevifuatilia. Tomaso wa Akwino, mwalimu ambaye Kanisa Katoliki limemtegemea kwa karne nyingi, alifundisha katika karne ya 13 kwamba sheria ya wanadamu haikuwekwa ili kukataza kila uovu, bali hasa ule unaowadhuru wengine na ambao bila kuukataza jamii haiwezi kudumu. Kwa hiyo anayesema kwamba ulevi ni dhambi amesema kweli, lakini bado hajathibitisha kwamba mlevi afungwe. Na anayesema mlevi asifungwe hajasema kwamba ulevi ni halali mbele ya Mungu.

Marufuku ilikotoka

Wengi hudhani marufuku ya dawa za kulevya ni mambo ya serikali tu, nayo dini imeyakuta. Historia inasema vingine. Katika karne ya 19 Uingereza, dola iliyojiita ya Kikristo, ilipigana na China vita viwili vilivyochochewa na biashara ya afyuni, na kufikia mwaka 1858 Wachina walilazimika kuikubali afyuni iingie kwa ushuru kama bidhaa yoyote. Huko ndiko kuhalalisha kwa maana yake kamili, kwa faida ya mfanyabiashara na hazina, nako kuliwafadhaisha wamisionari waliokuwa wakihubiri Injili kwa watu wale wale waliokuwa wakiangamizwa na meli za wenzao. Kutokana na fadhaa hiyo wakatokea Wakristo waliopiga kelele miaka mingi, hata Charles Brent, askofu wa Kianglikana huko Ufilipino, akawa mwenyekiti wa Tume ya Kimataifa ya Afyuni iliyokutana Shanghai mwaka 1909, na baadaye akauongoza mkutano wa The Hague uliozaa mkataba wa mwaka 1912. Mikataba yote iliyofuata, hadi ule wa 1961, imejengwa juu ya msingi huo.

Basi Kanisa halikuwa mtazamaji. Lilikuwamo katika kuijenga marufuku, na kwa sababu njema, kwani adui aliyekusudiwa alikuwa mfanyabiashara mkubwa anayenenepa kwa uharibifu wa maskini. Lililotokea baadaye, nalo ndilo linalopasa kutusumbua, ni kwamba upanga uliofuliwa kwa ajili ya mwenye meli ukageuziwa mvutaji.

Mwendo kama huo ulionekana Marekani, ambako wanawake wa Kikristo walioungana mwaka 1874 kupiga vita pombe, baada ya kuona mishahara ya waume zao ikiishia vilabuni, walichangia pakubwa kuleta marufuku ya mwaka 1920. Si kweli, kama isemwavyo mara kwa mara, kwamba marufuku ile haikufaa kitu, kwani unywaji ulipungua na maradhi ya ini yakashuka. Lakini ilileta pia majambazi wenye bunduki, pombe yenye sumu, na polisi waliokula rushwa, hata ikafutwa mwaka 1933.

Hoja ya wanaotaka marufuku ibaki

Hoja yao ya kwanza ni ya imani. Mwili wa muumini ni hekalu, kama Paulo alivyowaandikia Wakorintho, na akili timamu ni amana ambayo mtu hana ruhusa ya kuitupa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika fungu la 2291, inayahesabu matumizi ya dawa za kulevya pasipo sababu ya tiba kuwa kosa zito, na Papa Fransisko mwezi Juni 2014, akizungumza mjini Roma na wakuu wa vyombo vya kupambana na dawa hizo, alikataa waziwazi kuhalalishwa hata kwa zile ziitwazo nyepesi. Wasabato, Jeshi la Wokovu na watu wa Uamsho ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930 huenda mbali zaidi, wakiacha na pombe kabisa.

Hoja yao ya pili ni ya jamii, nayo naiona kuwa ndiyo yenye nguvu kupita zote. Sheria hufundisha: kijana akiona kitu kinauzwa dukani chini ya leseni ya serikali huona kwamba wakubwa wamekiridhia. Fauka ya hayo, biashara ya kileo chochote haitegemei mnunuzi wa mara moja kwa mwezi, bali hutegemea wale wachache wasioweza kuacha, ambao ndio wanunuzi wa sehemu kubwa ya mzigo. Kwa hiyo kampuni inayouza uraibu ina maslahi ya kudumu katika kuongeza waraibu, nayo hupata fedha za matangazo na za kuwashawishi wabunge. Mkristo aliyefundishwa na Warumi 14 asile wala asinywe kitu kitakachomkwaza ndugu yake dhaifu ana sababu ya kuiogopa biashara ambayo riziki yake ni udhaifu wa huyo ndugu.

Udhaifu wa upande huu umo katika utekelezaji. Heroini inayofika kwetu hutoka Afghanistan, hupitia pwani ya Makran, na hushuka kwa majahazi hadi mwambao wa Afrika Mashariki. Lakini anayeonekana kizimbani kila wiki ni kijana aliyekutwa na kete mbili maskani, mwembamba, mwenye arosto, asiyejua hata jina la aliyemuuzia aliyemuuzia yeye. Akifungwa hutoka na uraibu ule ule, pengine ameongeza na kifua kikuu. Na mwenziwe aliyebaki mtaani, akiogopa kushikwa, hujificha asifike hospitali, akashirikiana sindano na wengine kichochoroni. Tena wanaoitetea marufuku hii kwa Maandiko mara nyingi hunyamaza kimya juu ya pombe, ambayo ndiyo ulevi unaovunja nyumba nyingi zaidi katika sharika zao, na ambayo Mithali imeieleza kwa urefu kuliko kileo kingine chochote.

Hoja ya wanaotaka sheria ilegezwe

Wako Wakristo, hasa katika makanisa ya Kiprotestanti ya Marekani na Ulaya na sasa hata kwetu, wanaosema kwamba jela imeshindwa, na kwamba Bwana aliyeketi na watoza ushuru hangemtendea mraibu kama tunavyomtendea. Msimamo huu una mizizi katika mafundisho yenyewe: Mungu humwita mtu kwa hiari yake, na toba inayotokana na pingu si toba. Wanaongeza kwamba marufuku huwapa wauza unga faida kubwa, na faida hiyo hununua askari na mahakimu.

Wengine hutaja Mwanzo 1:29, wakisema Mungu aliwapa wanadamu kila mche utoao mbegu, na kwa hiyo bangi ni zawadi. Hoja hii haina uzito. Mnanaha nao ni mche utoao mbegu, nao huota bila kupandwa, na mwenye kuula huweza kupoteza akili au uhai; uumbaji wa kitu haujatuambia namna ya kukitumia.

Hoja ya mapato ya kodi nayo huvuta wanasiasa wengi, wala sitaikawilia. Serikali inayoanza kujaza hazina kwa uraibu wa raia wake huona uzito baadaye kuwataka waache, na Wachina wa karne ya 19 wangetuambia mengi juu ya hilo.

Walioshika rehema wana haki katika jambo moja kubwa, kwamba mtumiaji si adui. Kosa lao ni kuruka kutoka hapo moja kwa moja hadi dukani, kana kwamba kumwacha mtu huru na kumwacha mikononi mwa mfanyabiashara ni jambo lile lile.

Ibra za waliojaribu

Ureno ndiyo hutajwa mno. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba takribani mtu mmoja katika kila 100 nchini humo alikuwa ametumbukia katika heroini. Sheria iliyoanza Julai 2001 ikamwondolea jinai mwenye kukutwa na dawa isiyozidi matumizi ya siku kumi; badala ya mahakama huitwa mbele ya tume ya watu watatu, wa sheria, wa tiba na wa ustawi wa jamii, wanaozungumza naye na kumwelekeza kwenye matibabu. Maambukizi ya Virusi vya UKIMWI miongoni mwa wajidungao yakashuka sana. Lakini wanaoisifu Ureno mara nyingi husahau kwamba nchi ile iliweka fedha nyingi katika kliniki wakati ule ule ilipoilegeza sheria, na kwamba haikuhalalisha biashara hata kidogo.

Jimbo la Oregon, Marekani, lilichukua nusu ya kwanza ya fundisho hilo. Wapigakura waliondoa jinai mwaka 2020, na aliyekutwa na dawa alitozwa faini ya dola 100 ambayo ingefutwa akipiga simu kuomba ushauri. Waliopiga simu wakawa wachache, kliniki zikachelewa, na wakati huo huo dawa ya kulevya iitwayo fentanili ikaingia kwa kishindo, hata si rahisi kutenga madhara ya sheria na madhara ya sumu hiyo. Mwaka 2024 jimbo likarudisha jinai.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali, maana Kenya imekwisha kufanya jaribio lake. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, iliyopewa jina la mbunge John Mututho, iliifuta marufuku ya chang'aa ili ipikwe kwa leseni, ipimwe, na iuzwe katika chupa, kwa tumaini kwamba wapishi wa vichochoroni wangeingia katika njia iliyo safi. Wengi hawakuingia, kwa kuwa leseni na chupa zina gharama, na mnywaji wa chang'aa ni mtu wa shilingi chache; na mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Tanzania kwa upande wake ilipiga marufuku viroba kuanzia Machi 2017, na vile vifuko vidogo ambavyo hata mwanafunzi aliweza kuvificha mfukoni vikaondoka madukani. Mkristo ajifunze hapa kwamba ruhusa peke yake haimsafishi muuzaji, na kwamba marufuku inayomlenga mwenye kiwanda na namna bidhaa inavyofungashwa yaweza kufaa bila kumfunga mnywaji hata mmoja.

Ibra iliyo ngumu zaidi ni ya miraa. Bunda la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba lisikauke ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria ya Kenya, nalo huko Meru, mahali ambapo Kanisa la Methodisti limeota mizizi tangu zamani, hulipia watoto karo. Lakini bunda lile lile likivuka Namanga huitwa mirungi na ni dawa ya kulevya, na mwenye kulichukua hukamatwa. Uingereza nayo iliifunga milango yake kwa miraa Juni 2014, wakulima wakalia. Na mwezi Mei 2024, serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, jamii ya miraa, kwa kilio cha wazazi wa pwani, wakulima wa Embu walikwenda Mahakama Kuu na marufuku ikasimamishwa. Pande zote mbili kulikuwa na watu wa sala. Mkulima alikuwa akitetea chakula cha wanawe, na mzazi alikuwa akitetea akili za wanawe, na hapana fungu la Biblia litakalomaliza shauri lao kwa kusomwa tu. Panatakiwa mtu wa kuuliza mkulima yule atalima zao gani mahali pa muguka na nani atalinunua.

Methadoni na suala la toba

Limebaki jambo ambalo makanisa hulizungumza kidogo mno. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, ikafuatwa na Mwananyamala na Temeke; Kenya ikaanza mwishoni mwa mwaka 2014, na Zanzibar mwaka 2015. Kazi yake ni hii: mgonjwa hufika dirishani kila siku, hutajwa jina lake, hupewa dawa ya maji katika kikombe kidogo, akainywa mbele ya mhudumu. Kwa muda wa siku nzima mwili hautamwumiza, pua haitamchuruzika, tumbo halitamsokota, na kwa hiyo hataiba simu ya mtu ili kununua kete. Aweza kufanya kazi, na aweza kuketi na mama yake wakala pamoja.

Papa Fransisko, katika hotuba ile ile ya 2014, alisema kwamba dawa mbadala si tiba ya kutosha bali ni namna iliyofichika ya kusalimu amri. Wachungaji wengi wa makanisa ya Kipentekoste husema vivyo hivyo kwa lugha yao, kwamba ni kubadilisha pepo kwa pepo. Kwa heshima zote, naona hawajalipima jambo hili sawasawa. Kweli methadoni nayo hushika, na kumwachisha mtu huhitaji miaka. Kweli pia kliniki isiyo na ushauri wala kazi ya kumpa mgonjwa humfanya mteja wa dirisha maisha yake yote. Lakini mwenye kujidunga hufa kwa kuzidisha dozi, au kwa damu iliyochafuka, na aliyekufa hatubu tena. Kumweka mtu hai, mwenye kichwa kinachosikia neno, ni kumwandalia toba njia.

Wala njia ya kuacha kabisa haijadharauliwa na tiba hiyo. Nyumba za kuacha dawa za Zanzibar, ambazo wakazi wake karibu wote ni Waislamu, hufuata hatua 12 zilizotungwa na chama cha walevi kilichoanza Marekani mwaka 1935 kutokana na jamaa ya Wakristo waliokuwa wakiungamana dhambi zao. Mraibu wa Unguja anayekiri kwamba nguvu zake mwenyewe zimekwisha, na kwamba anamhitaji Mungu, anatembea katika njia ambayo kanisa liliwahi kuifungua na kisha likaisahau.

Mizani

Nikiyapima haya yote, naona hoja ya marufuku imeshinda dhidi ya biashara, na hoja ya rehema imeshinda dhidi ya jela. Kanisa lipinge kwa sauti isiyotetereka duka la bangi, tangazo la bangi na kampuni ya bangi, kwa sababu ile ile iliyomtoa Askofu Brent Ufilipino hadi Shanghai. Na kwa sababu hiyo hiyo lipinge tangazo la bia mlangoni pa shule na harusi za waumini zinazohesabiwa ubora wake kwa makreti. Bangi ya tiba liwaachie waganga na wafamasia, mradi ipimwe kama dawa yoyote. Na mraibu lisimwombee kifungo, bali litake sheria imtoe mahakamani impeleke kliniki, nalo liwe tayari kusema hivyo mbele ya wabunge, ijapokuwa baadhi ya waumini wataguna.

Msimamo huu una gharama yake. Baadhi ya watumiaji watautumia upole wa sheria kuendelea kutumia, na bila kliniki za kutosha tutaiona Oregon mlangoni petu. Kwa hiyo anayetaka jinai iondolewe leo, kabla ya vitanda, wauguzi na dozi kupatikana, anawaombea waraibu jambo litakalowadhuru.

Hapo ndipo makanisa yanapopaswa kuweka fedha zao mahali pa maneno yao. Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Makanisa la Kenya ni vyombo vya makanisa yenye hospitali, vyuo vya uuguzi na ardhi katika miji ile ile ambamo unga unauzwa. Yaombe serikali idhini, yafungue madirisha ya methadoni katika hospitali hizo, na mwaka huu yaanzie Tanga na Mombasa.